Daftari la Zamu

Nilisimamia kituo cha kufungasha maua katika shamba moja la Naivasha kwa miaka kadhaa kabla ya kutambua kwamba mengi niliyokuwa nikiyaita ugomvi wa wafanyakazi yalianzia kwenye daftari la zamu. Daftari hilo lilishikwa na msimamizi mmoja tu, naye ndiye aliyeamua nani apange waridi mezani na nani apelekwe chumba baridi, ambako vidole hufa ganzi hata ndani ya glavu.

Mfanyakazi mmoja, mama wa watoto wawili, aligombana na mwenzake mara mbili katika wiki moja, nami nikawaonya wote wawili bila kuuliza chanzo, jambo ambalo bado linanisikitisha. Siku chache baadaye alinijia ofisini, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini: "Madam, nikikataa kupanda gari la msimamizi jioni, kesho yake napangwa chumba baridi. Wenzangu wanajua, ndiyo maana wananicheka."

Sikumwahidi kwamba hakuna mwingine atakayejua, kwa kuwa nisingeweza kuitimiza ahadi hiyo. Nilimwambia kwamba watakaojua ni wale tu watakaochunguza. Niliandika maneno yake jinsi alivyoyatamka, nikamsomea, akatia sahihi. Kisha nililichukua daftari na kulilinganisha na siku alizozitaja, nikaona jina lake likirudi chumba baridi kila baada ya jioni aliyokataa.

Wakubwa wangu walipendekeza kwamba yeye ndiye ahamishiwe kitengo kingine, na naamini walidhani wanamlinda. Nilipinga, kwa sababu kumhamisha aliyelalamika ni kumwadhibu machoni pa wenzake na kuwafunga midomo wote wenye shida kama yake. Aliyepumzishwa ni msimamizi, kwa mshahara kamili, hadi uchunguzi ulipokwisha. Tulimsikiliza kama kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinavyotaka, kwa lugha anayoielewa na akiwa na mwenzake aliyemchagua, nami sijutii saa hata moja tuliyoitumia humo. Alifutwa kazi.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono baada ya kushauriana nao. Yetu ilikuwepo, kwa Kiingereza, ndani ya faili. Tuliiandika upya kwa Kiswahili pamoja na wawakilishi wa wafanyakazi, ikasomwa kwa sauti mezani kabla ya zamu, maswali yakaulizwa hadi tukachelewa kuanza kazi.

Sasa zamu hupangwa na watu wawili na kubandikwa ukutani, na anayembadilisha mtu huandika sababu na kutia sahihi. Kila Ijumaa karani huniletea nakala, nami huanza kuisoma kwa majina ya chumba baridi.