Kazi yenye kazi

Wiki iliyopita nilikwama siku mbili nzima kwa neno moja. Nilikuwa natafsiri makala ya historia ya rangi za nguo, nikafika kwenye zambarau ya Tiro, ile waliyovaa makaisari wa Rumi. Mwandishi, kwa Kiingereza, ameiita njia ya kuitengeneza operose. Nikaandika "kazi ngumu", nikasonga mbele. Mhariri akanirudishia na alama ya kiulizi pembeni, na alikuwa na haki.

Waingereza walilitoa neno hili kwenye Kilatini karne ya 17, na hata wao wanaolitumia ni wachache. Utalikuta kwenye maandishi, aghalabu likieleza njia, utaratibu au utafiti. Kumwita hivyo mtu mwenye bidii inawezekana, ila ni nadra zaidi. Shina lake ni opus, yaani kazi, shina hilohilo lililotuletea operesheni, na hata ofisi ukilifuatilia mpaka mwanzo. Kiishio chake, kwa Kilatini -osus, kinabeba maana ya kujaa. Kitu hicho kimejaa kazi, basi. Ugumu haumo. Mwenzake arduous, ambaye kamusi humweka jirani, ametokana na neno la mwinuko mkali: hiyo ndiyo kazi ya kupanda mlima, pumzi ikikata umekwama. Operose inataka hatua, na ndani ya kila hatua kuna hatua nyingine.

Mwaka 1909 mwanakemia Paul Friedländer alitumia konokono wa baharini 12,000 kupata gramu 1.4 tu za zambarau ya Tiro. Konokono mmoja hamshindi mtu. Sasa fikiria elfu kumi na mbili.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu, kijijini Jambiani, Unguja. Maji yakitoka alikwenda kufukia makumbi yake ya nazi kwenye tope, akayafunika kwa mawe, akarudi nyumbani kuyasubiri miezi. Kisha kuyachimbua, yananuka yai viza. Kuyaponda moja moja kwa gongo mpaka usumba, yaani nyuzi zake, ujitenge na unga wake. Kuosha, kuanika, kuchambua. Ndipo akae kitako kivulini aanze kusokota, viganja vinasuguana, kamba inarefuka kidogo kidogo kando ya mguu wake. Viganja vile navikumbuka vizuri kuliko uso wake: vilisuguliwa vikang'aa, mistari karibu yote imefutika, na akinishika shavu nilihisi kama ubao uliopigwa msasa.

Nilikuwa na miaka kama kumi nilipomwuliza, "Bibi, kazi hii ngumu?"

"Si ngumu, mjukuu wangu. Ina kazi tu."

Ina kazi! Neno tunalo, tena tunalisema kutwa. Sambusa zina kazi. Kofia ya viua ina kazi. Hakuna anayemaanisha kwamba zinamshinda mtu, bali kwamba ukianza usitarajie kumaliza upesi. Nimehangaika na kamusi tatu siku mbili, na jibu nilipewa utotoni, mbele ya lundo la makumbi.

Nimeandika: "Zambarau ya Tiro ilikuwa na kazi." Mhariri ameipenda, ila anataka niongeze "nyingi" mwishoni. Mimi nasema haihitajiki, kwani bibi hakuisema. Tunaendelea kubishana.