Siku moja maishani mwangu: kila tiketi na tawi lake

Saa mbili asubuhi, Eldoret. Kabla ya kugusa msimbo wa programu, navuta mabadiliko yaliyoingia usiku katika OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa. Mradi ulianza 2004, na hapa Eldoret ndipo ulipoanza kutumika, 2006, chini ya AMPATH, mpango wa huduma za afya. Wachangiaji wametapakaa mabara mbalimbali. Nikilala mimi, wengine wako kazini.

Saa mbili na nusu. Nachukua tiketi, yaani kazi moja iliyoandikishwa: kuongeza maelezo mafupi kwenye fomu ya usajili, yamwongoze karani mgonjwa asipoijua tarehe yake ya kuzaliwa. Mfumo hupokea umri wa kukadiria na kuuwekea alama kwamba ni makadirio. Kutoka shina, yaani toleo kuu la wote, nafungua tawi, njia yangu ya pembeni ya kufanyia kazi, nalipa jina la tiketi. Katika Git, programu inayotunza historia ya msimbo, tawi kwa kawaida ni faili dogo tu la baiti 41: herufi na tarakimu 40 zinazotaja komiti moja (badiliko lililohifadhiwa), na alama ya mwisho wa mstari. Mradi haunakiliwi. Kwa wepesi huo, sioni kwa nini tawi moja libebe kazi mbili.

Saa nne. Jirani na mistari yangu kuna jina la kigezo (kibeba thamani ndani ya msimbo) lisiloeleweka. Mkono unaniwasha kulibadilisha, lakini nalifungulia tiketi yake. Atakayekagua kazi yangu huenda hatujaonana kamwe. Akikuta usafi umechanganyika na kipengele kipya, itambidi apambanue kipi kinabadilisha fomu na kipi hakiibadilishi. Kwenye mfumo wa hospitali, simtakii mtu kazi hiyo. Hata Kiswahili cha maelezo haya hakiingii tawini. Watafsiri watakiandika kupitia Transifex, jukwaa la mtandaoni la kutafsiri programu.

Saa sita. Mwanagenzi wa meza ya pili ananiuliza, "Mkuu, mistari michache hivi, si ungeiweka shinani moja kwa moja?"

"Hapana, ndugu yangu. Shinani wanavuta wote. Ukivunja kitu pale umewavunjia wote. Tawini unahangaika nacho peke yako."

Saa nane. Majaribio yamepita, nimetuma ombi la kuunganisha tawi na shina, na mara unatokea mgongano: kuna mwenzetu ambaye badiliko lake kwenye faili hilohilo limeingia shinani mchana. Navuta shina jipya, naiambia Git izipange upya komiti zangu juu yake. Inasimama kwenye mistari inayogongana. Sikimbilii kuchagua yangu. Nasoma kwanza tiketi yake. Kumbe sehemu ya tarehe ameihamishia faili jingine. Ningeshikilia mistari yangu, ningefufua msimbo alioufuta makusudi. Nahamisha maelezo yangu kule, narudia majaribio yote, kisha nasukuma tawi mtandaoni kwa `--force-with-lease`, kwa sababu historia ya tawi imebadilika. Amri hiyo hukataa iwapo kuna mtu aliyesukuma kitu tawini bila mimi kukiona. Lakini `--force` tupu ingekifuta kimyakimya.

Saa kumi. Mkaguzi anaomba jaribio moja zaidi: tarehe ikijulikana, maelezo yasionekane. Ana haki. Naliandika.

Saa kumi na moja na nusu. Ombi limekubaliwa, komiti zangu zimekunjwa kuwa moja na kuingia shinani. Nafuta tawi kwenye kompyuta na kwenye nakala yangu ya GitHub, hifadhi ya msimbo mtandaoni. Ile tiketi ya jina la kigezo ameichukua mwanagenzi, na tawi ameshalifungua.