Yule wa upande wa pili

Mimi ni mtu wa Wete, Pemba, na karata nimezijua tangu mdogo. Barazani kwetu mchezo ni wahedi wa sitini: pointi zote 120, ukipata 61 umeshinda. Niliposikia kuna programu ya simu watu wanachezeana karata kwa pesa, nikaona hapa ndipo pangu.

Mashine za kamari sikuwahi kuzigusa. Mashine ni mashine tu. Humu unacheza na mtu. Unaliona jina lake, akikufunga anakutumia kikatuni cha kucheka, akichelewa kutupa karata unasema moyoni: huyu hana kitu mkononi. Hicho ndicho kilichonishika. Nikiliwa, sikusema nimeliwa na kampuni. Nilisema nimeliwa na fulani, na fulani namuweza. Na kitufe cha kumtaka turudie kipo hapo hapo. Saa nane usiku, mke wangu kalala, mie nabonyeza. Pesa za karafuu zikaenda hivyo.

Hukumu ya kamari katika dini naijua, wala sina la kujitetea. Lakini kilichonizindua ni hesabu, niliyoifanya nyuma ya daftari la skuli la mwanangu. Kila mmoja anaweka 1,000, mshindi anapewa 1,800, 200 inabaki kwa mwenye mchezo. Tukipokezana ushindi, michezo 50 tu, 10,000 imeshamfikia yeye, na hata karata moja hakuishika. Ili nipate faida lazima nishinde michezo 56 katika 100. Nikafungua kumbukumbu zangu: nilikuwa nashinda 52. Yaani kweli niliwazidi wenzangu kidogo, na bado kila michezo 100 napoteza 6,400!

Asubuhi nikamwambia mke wangu, "Mama Asha, nina jambo." Hakupiga kelele. Aliuliza kiasi gani, nikamtajia, akanyamaza muda mrefu. Laini yangu ya pesa nikampa yeye aishike.

Usiku ndio ulikuwa mgumu, mikono inaitafuta simu. Nikawa baada ya sala ya isha naenda barazani. Siku ya kwanza mzee mmoja alinifunga mara nne mfululizo. Damu ikanichemka, nikamwambia turudie. Akazikusanya karata, akazifunga mpira.

"Kesho inshallah, mwanangu. Mie nakwenda kulala."

Kwenye simu sikuwahi kukosa mtu wa kuniambia twende tena. Nikasimama, nikarudi nyumbani, saa nne na robo.