Shata imeamka!

Kamera yangu ya zamani ya filamu imerudi kazini. Kwenye kasi ya 1/250 ya sekunde, shata (kilango kinachofunguka kupitisha mwanga kwenye filamu) ilikuwa haina neno, ila ukiiweka sekunde 1, inafunguka halafu inagoma kufunga. Springi wala haikuwa na kosa: grisi ya miaka na miaka ilishageuka gundi kwenye vigia vinavyochelewesha kasi za chini. Nimepiga picha kila hatua kwa simu (skrubu zenyewe ukipiga chafya umezipoteza), dirisha wazi, moto mbali, nikapitisha mafuta ya laita kwenye vigia kwa kijiti cha pamba, kidogo kidogo, kuyeyusha ile grisi. Vibapa vya shata sikuvitia oili hata tone. Vikilowa oili tu, vinanatana. Sasa sekunde 1 inalia zzzz-klik mpaka mwisho. Kesho natia filamu.