Upau ukijaa: madirisha kumi na mawili yakae mahali pake, mengine yaende kwenye droo

Tangu toleo lililopita nimeshughulika na jambo moja tu: upau wa chini ya skrini ufanye nini nafasi inapokwisha. Saa, sauti na menyu ya programu nimeviacha vilivyokuwa.

Kwa wanaofika hapa kwa mara ya kwanza, ninaandika upau mdogo wa kuonyesha madirisha yaliyo wazi kwenye Linux. Ninatumia lugha ya Python na GTK, zana ya kuchora vitufe na menyu, na taarifa za madirisha nazipata kupitia maktaba ya libwnck. Nimeulenga kwa laptopu za mtumba zilizojaa huku kwetu, zenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768 na RAM ya GB 4. Anayeutumia kutwa nzima ni dada yangu, mwenye duka la steshenari. Kazi za dukani humo ndizo hasa zinazojaza upau: barua ya maombi ya mteja mmoja, wasifu wa mwingine, vyeti vilivyoskaniwa vinavyosubiri kuchapishwa, fomu ya mtandaoni iliyokwama katikati, na wote hao wamesimama mbele ya kaunta. Hawezi kufunga dirisha la mtu ambaye hajamaliza shida yake.

Hesabu ya nafasi ni hii. Katika pikseli 1366, kitufe cha menyu kinachukua 48, saa na aikoni za pembeni 190. Zinabaki 1128. Kitufe cha dirisha kikiwa na pikseli 182, jina la faili linasomeka vizuri, lakini vinaingia sita tu. Dirisha la saba lazima lisababishe kitu fulani kutokea, na kila mfumo umechagua kitu chake.

Windows XP ya mwaka 2001 ilikusanya madirisha ya programu moja chini ya kitufe kimoja. Dock, yaani upau wa aikoni wa Mac OS X, iliyotoka mwaka huohuo, inapunguza ukubwa wa aikoni zote kadiri zinavyoongezeka. Kwenye Linux kuna mazingira kadhaa ya eneo-kazi. Unity ya Ubuntu, kuanzia toleo la 11.04, ilizikunja aikoni za mwisho wa safu zikalaliana. Upau wa Xfce una kitufe cha mshale chenye orodha ya madirisha yaliyokosa nafasi. Plasma ya KDE inamwachia mtumiaji aamue, na miongoni mwa chaguo zake ni kukusanya pale tu upau unapojaa. Windows 11 ilipotoka mwaka 2021 iliondoa kabisa uwezo wa kutenganisha madirisha ya programu moja. Watu walilalamika sana, na mwaka 2023 uwezo huo ukarudishwa.

Malalamiko hayo nayaelewa vizuri. Kukusanya kwa jina la programu kunadhani kwamba mtu anatafuta programu. Dada hatafuti Writer, programu ya kuandikia ya LibreOffice, anatafuta barua ya yule mama aliyesimama mlangoni. Madirisha yake matano ya Writer ni ya watu watano, na ukiyaweka chini ya aikoni moja umeficha kile kinachoyatofautisha, kisha umemdai mbofyo wa pili kila mara.

Kupunguza ukubwa nako kuna gharama inayopimika. Mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba ugumu wa kulenga kitu unategemea umbali na upana wake: chukua umbali mara mbili, gawanya kwa upana, kisha tafuta logi yake ya kizio cha 2. Kwa safari ya pikseli 600, kitufe cha 182 kina ugumu wa biti 2.7. Kikate katikati, zinakuwa 3.7. Kikate tena, 4.7. Upau kuwa ukingoni kunasaidia upande mmoja tu, kwa sababu kishale kinagota chini ya skrini na urefu wa kitufe unaacha kuwa tatizo, ila upana unabaki kuwa upana. Hii ndiyo sababu nimehakikisha eneo la kubofya linafika hadi pikseli ya mwisho kabisa ya chini, bila nafasi tupu hata moja.

Ila nadhani gharama kubwa zaidi si ulengaji. Ni kuhama. Kila aikoni inapopungua, zote zinasogea, na mkono uliokwisha kujua kwamba Calc, programu ya majedwali, iko kulia kidogo ya katikati unaanza kutafuta upya. Mwenye duka la vyakula hunyoosha mkono akachukua chumvi huku anazungumza na mteja, kwa kuwa chumvi haijawahi kuhamishwa rafu. Upau unapaswa kumpa mtu uhakika huohuo. Kutokana na imani hiyo nimepanga toleo hili lote.

Upana wa aina mbili tu

Kwanza nimetenga pikseli 36 mwishoni kwa ajili ya droo, yaani kitufe kinachofungua orodha ya madirisha yaliyokosa nafasi, hata kama haina kitu. Zinabaki 1092, ambazo ni vitufe sita vya 182 au kumi na viwili vya 91. Hakuna upana mwingine katikati. Dirisha la saba likifunguka, upau unahamia kwenye 91 mara moja, na baada ya hapo hakuna kinachosogea hadi la kumi na mbili. Kurudi kwenye 182 hakufanyiki yanapobaki sita, kwa sababu mtu anayefungua na kufunga dirisha la saba angeuona upau ukitanuka na kubana kila dakika. Unarudi yakibaki manne, na kishale kikiwa nje ya upau.

Dirisha likifungwa, nafasi yake inabaki wazi hadi kishale kiondoke. Chrome hufanya jambo la aina hii kwenye vichupo vyake: upana haubadiliki wakati bado unafunga kimoja baada ya kingine. Ni adabu ndogo ambayo wengi hawaioni, lakini ikikosekana utafunga kitu ambacho hukukusudia.

La kumi na tatu

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. Dirisha jipya lazima lionekane, kwa kuwa ndilo linalotumika sasa. Kwa hiyo mojawapo ya yale kumi na mawili linaingia kwenye droo, na linaloingia ni lile ambalo halijaguswa kwa muda mrefu kuliko yote. Kila libwnck inapotuma ishara ya active-window-changed, yaani dirisha linalotumika limebadilika, naandika saa kwenye rekodi ya dirisha hilo, basi. Jipya linachukua nafasi ileile iliyoachwa, na mengine kumi na moja hayasogei hata pikseli moja. Ukilitoa dirisha kwenye droo, mambo ni hayohayo: linabadilishana nafasi na lililokaa bila kuguswa.

Matokeo yake ni kwamba mpangilio wa kushoto kwenda kulia haufuati tena muda wa kufunguliwa. Nimelitafakari hilo na nimelikubali. Sijamwona mtu anayekumbuka ni dirisha gani alilifungua la tisa, ila wote wanakumbuka liko upande gani.

Mtumiaji anaweza pia kubandika dirisha lisiingie droo kamwe. Dada amebandika moja tu, la kupokea faili za wateja.

Ndani ya droo ni maneno

Droo inafunguka kwenda juu, na kila mstari una aikoni ndogo na jina refu la dirisha. Aikoni peke yake hapo haina maana, kwa kuwa nusu ya orodha ni karatasi ileile ya bluu ya Writer. Juu kabisa yanakaa yaliyoingia karibuni.

Majina yalihitaji kazi kuliko nilivyotarajia. Vichwa vya LibreOffice vinaanza na jina la faili na kuishia na jina la programu, na aikoni imekwisha kutaja programu, kwa hiyo nalikata jina hilo. Kinachobaki kinaweza kuwa CV_ ikifuatiwa na jina la mteja, faili baada ya faili. Ukikata mwisho kwenye pikseli 91, vitufe vyote vinasomeka CV_ na nukta tatu. Nimeweka Pango, maktaba inayopanga maandishi, ikate katikati, ili mwanzo na mwisho vibaki. Hapo ndipo dada aliposema, “Mdogo wangu, sasa nawaona watu wangu.”

Dirisha linaloita kutoka ndani

Programu ikitaka kuangaliwa, X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, ina alama ya hilo, na libwnck inaisoma kwa needs_attention. Ningeweza kulitoa dirisha kwenye droo lenyewe, lakini lingechukua nafasi ya jingine bila mtu kuomba. Badala yake kitufe cha droo kinageuka rangi ya machungwa na kuonyesha idadi ya yanayoita. Pia naita set_icon_geometry kwa kila dirisha lililo ndani na kutoa vipimo vya droo, ili kwenye mfumo wenye uhuishaji, dirisha likipunguzwa jicho lilione likielekea huko.

Linalobaki

Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X11. Huko libwnck haiwezi kunipa orodha ya madirisha, na inabidi kutumia itifaki ya wlr-foreign-toplevel-management, ambayo visimamizi vya madirisha vya Sway na Labwc vinaitambua lakini eneo-kazi la GNOME hapana. Itifaki hiyo inatoa kichwa cha dirisha, kitambulisho cha programu na hali nne: limetanuliwa, limepunguzwa, linatumika, limejaza skrini. Aikoni haitoi, kwa hiyo nitazitafuta mwenyewe kwenye faili za .desktop, zinazoeleza kila programu iliyosakinishwa. Na alama ya kuita haimo kabisa, maana yake rangi ya machungwa ya droo haitakuwa na chanzo.

Kubadilishana nafasi kutafanya kazi kama kulivyo, kwa sababu kunahitaji tu kujua dirisha lipi linatumika na lini. Nimeanza na sehemu hiyo juu ya Labwc. Kwenye skrini ya pikseli 1920 hesabu inatoa vitufe tisa vipana au kumi na vinane vyembamba, na nataka kwanza nione kama mkono wa mtu kweli unakumbuka mahali kumi na nane. Nikiona haukumbuki, nitaweka kikomo kwenye kumi na mbili hata palipo na nafasi.