Ayalandi ikiungana, itapandisha bendera ipi na kuimba wimbo upi?

Watu wa Dundalk, mji ninaoishi, wakizungumzia kuungana kwa Ayalandi mbili huanza na mambo ya mfukoni: pensheni italipwa na nani, kodi itapanda kiasi gani, na wale wa kaskazini waliozoea kumwona daktari bila kulipa watakubali vipi utaratibu wa kusini. Hayo huzungumzwa kwa utulivu, chai ikiendelea kunywewa. Mtu akiuliza kama bendera na wimbo wa taifa navyo vitabadilika, sauti hupanda, na hata wale waliokuwa wakiutetea muungano muda mfupi uliopita huanza kuweka masharti. Mimi nimetoka katika nchi iliyozaliwa kwa kuunganishwa nchi mbili, kwa hiyo suala hili limenivutia kuliko hesabu za pensheni.

Kwa msomaji asiyeyajua mazingira ya huku, kisiwa hiki kiligawanywa mwaka 1921. Kaunti 26 zikawa dola yenye makao makuu Dublin, na kaunti 6 za kaskazini zikabaki chini ya Uingereza. Ukiendesha gari kutoka Dundalk, ulio kusini, kwenda Newry, mji wa kaskazini, hukuti kizuizi wala askari. Unachokiona ni mstari wa njano wa pembeni mwa barabara ukigeuka kuwa mweupe, na vibao vya mwendo vikihama kutoka kilomita kwenda maili. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, hata hivyo, mpaka huo upo kisheria, kwa sababu anahitaji viza ya Uingereza, na maofisa wa uhamiaji huingia mara moja moja katika mabasi ya njia hiyo kukagua hati. Kabla sijapata uraia wa Ayalandi niliutazama mlima Slieve Gullion, ulio upande wa pili, kama mtu anavyotazama nyumba ya jirani ambaye hajamkaribisha.

Mkataba wa Belfast wa tarehe 10 Aprili 1998, uliokubaliwa na asilimia 71 ya wapiga kura wa kaskazini na asilimia 94 ya wale wa kusini, unasema kwamba Ayalandi Kaskazini itabaki Uingereza mpaka wengi wa watu wake waamue vinginevyo kwa kura, na kwamba waziri wa Uingereza anayeshughulikia eneo hilo analazimika kuiitisha kura hiyo akiona kuna dalili kwamba wengi wanataka kuungana. Sensa ya 2021 ilionyesha kuwa waliolelewa katika Ukatoliki ni asilimia 45.7 na waliolelewa katika Uprotestanti ni asilimia 43.5. Kwa kawaida Wakatoliki ndio huegemea muungano, na Waprotestanti huegemea Uingereza. Dini ya mtu haitabiri kura yake kwa uhakika, lakini tangu takwimu hizo zitoke watu wengi wameacha kuuona muungano kama ndoto ya wazee.

Bendera ya Ayalandi ina rangi tatu zilizosimama wima: kijani, nyeupe na chungwa. Mpigania uhuru Thomas Francis Meagher aliipandisha kwa mara ya kwanza mjini Waterford mwezi Machi 1848, mwaka ule ule ambao Wafaransa walikuwa wamemwondoa mfalme wao. Kijani ni ya Wakatoliki na wapigania uhuru. Chungwa ni ya Waprotestanti, ambao walijinasibisha na Mfalme William wa Orange, mshindi wa vita vya mto Boyne mwaka 1690. Na nyeupe iliyo katikati ni amani baina yao. Ndiyo maana wenyeji wa kusini hushangaa wanapoambiwa kwamba bendera yao inawatenga Waprotestanti. Rangi yao si imo humo tangu mwanzo?

Imo, lakini waliowekewa rangi hiyo hawakuulizwa, na yaliyoipata bendera baadaye hayakuwasaidia kuipenda. Mwaka 1916 ilipandishwa juu ya Posta Kuu ya Dublin na waasi waliokuwa wakipigana na Uingereza. Katika miaka ya machafuko ya kaskazini, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ilitandikwa juu ya majeneza ya wapiganaji wa IRA, kundi lililopigana kwa silaha kuiondoa Uingereza kaskazini. Mjane wa polisi aliyeuawa kwa bomu hawezi kuitazama nguo hiyo akaona amani ya Meagher. Kila mwaka, usiku wa tarehe 11 Julai, mitaa ya wafuasi wa Uingereza huwasha mioto mikubwa ya mbao zilizopangwa kama mnara, na mara nyingi bendera ya Ayalandi huwekwa kileleni ili iungue. Kuna mitaa huko ambako kingo za njia za waenda kwa miguu zimepakwa nyekundu, nyeupe na bluu, na kila nguzo ya taa ina bendera ya Uingereza inayoachwa ichanwe na upepo hadi majira ya baridi.

Jambo lililonishangaza ni kwamba Ayalandi Kaskazini yenyewe haina bendera rasmi iliyo yake. Ile iliyokuwa nayo, nyeupe yenye msalaba mwekundu na mkono katikati ya nyota, ilipoteza hadhi pale serikali ya Stormont, yaani ya Ayalandi Kaskazini yenyewe, ilipoondolewa mwaka 1972, ingawa bado hutumika katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Desemba 2012 madiwani wa Belfast waliamua kwamba bendera ya Uingereza ipandishwe katika ukumbi wa jiji kwa siku maalumu tu badala ya kila siku, na maandamano yakafunga barabara kwa miezi. Tume iliyoundwa mwaka 2016 kutafuta mwafaka juu ya bendera na utamaduni ilitoa ripoti mwishoni mwa 2021, na juu ya bendera mwafaka haukupatikana. Kwa hiyo anayedhani jambo hili litamalizwa kwa shindano la wachoraji angeanza kwa kuisoma ripoti hiyo.

Wimbo una matatizo yake, na kwa maoni yangu ni makubwa kuliko ya bendera. Amhrán na bhFiann, maana yake Wimbo wa Askari, ulitungwa na Peadar Kearney kwa Kiingereza mwanzoni mwa karne iliyopita, Patrick Heeney akishirikiana naye katika muziki; Liam Ó Rinn akautia katika Kiayalandi mwaka 1923, na serikali ikaufanya wimbo wa taifa mwaka 1926. Kinachoimbwa ni kiitikio tu. Kiitikio hicho kinazungumzia askari walioapa, mizinga inayonguruma na usiku wa kulinda pengo la hatari, na mojawapo ya beti zisizoimbwa linamtaja adui Msaksoni, yaani Mwingereza, kwa jina. Katika ukumbi wa Killarney tulikoapishwa kuwa raia, tuliuimba mwishoni mwa sherehe tukiwa umati wa Wanigeria, Wahindi, Wapolandi na sisi wachache wa Afrika Mashariki, wengi wetu tukifuata tu midomo ya wenzetu. Niliguswa, sikatai. Lakini mimi sina babu aliyekuwa upande wa pili wa bunduki hizo. Mfanyakazi mwenzangu kutoka Lurgan, mji wa kaskazini, aliyelelewa Kiprotestanti, aliniambia tukiwa zamu ya usiku kwamba bendera angeweza kuizoea ikiwa hatalazimishwa kuipenda, ila wimbo ule hauwezi kutoka kinywani mwake.

Wachezaji wa raga waliliona tatizo hilo zamani, kwa kuwa timu yao ni ya kisiwa kizima na ina Waprotestanti wa Belfast na Wakatoliki wa Limerick katika mstari mmoja. Katika Kombe la Dunia la 1987 walipigiwa rekodi ya wimbo wa mapenzi, The Rose of Tralee, na inasemekana wachezaji hawakujua wacheke au walie. Kwa ajili ya Kombe la 1995 chama cha raga kilimwomba Phil Coulter atunge wimbo usiomuudhi mtu, akatoa Ireland's Call. Mechi ikichezwa ugenini huo ndio pekee unaoimbwa. Ikichezwa Dublin huimbwa wote wawili. Mashabiki wengi hulalamika kwamba ni wimbo mwepesi, unaofaa zaidi tangazo la biashara kuliko taifa, na masikio yangu hayana sababu ya kuwapinga. Hata hivyo umeimbwa kwa takriban miaka 30 bila kumfanya mchezaji yeyote ainamishe kichwa, na hilo Wimbo wa Askari haujaweza.

Sisi tulilimaliza jambo hili haraka mno. Mwalimu Nyerere na Sheikh Karume walitia saini Hati za Muungano tarehe 22 Aprili 1964, Muungano ukaanza tarehe 26, na ilipofika tarehe 30 Juni kulikuwa na bendera moja: kijani, nyeusi na njano za Tanganyika zikapokea bluu ya Zanzibar. Mwananchi hakupigia kura lolote kati ya hayo. Wimbo ulibaki ule ule wa Tanganyika, na haukuzua ugomvi mkubwa kwa sababu muziki wake ulitungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini na maneno yake yanaomba baraka za Mungu kwa bara zima kabla ya kuitaja nchi. Hakuna adui ndani yake. Lakini bendera, ingawa ilichanganywa kwa haki, haikutosha: mwaka 2005 Zanzibar ilipandisha bendera yake yenyewe, bluu, nyeusi na kijani, ikiwa na bendera ya Muungano katika pembe ya juu. Wapo wabara walioona huo ni mwanzo wa kuvunjika. Miaka 20 baadaye bendera zote mbili zinapepea Unguja na Pemba, na ugomvi wa Muungano umebaki katika mapato na mamlaka.

Nchi nyingine zimejaribu njia tofauti. Afrika Kusini ilipokea michoro zaidi ya 7,000 kutoka kwa wananchi, ikaikataa yote, na mwishowe ikachukua mchoro wa mtaalamu Frederick Brownell wiki chache kabla ya uchaguzi wa 1994. Nyimbo mbili za maadui zikaunganishwa kuwa mmoja mwaka 1997. New Zealand iliwauliza wananchi wake katika kura mbili, wakabaki na bendera ya zamani. Huko Bosnia wabunge walishindwa kukubaliana, mwakilishi wa jumuiya ya kimataifa akawachagulia bendera mwaka 1998, na wimbo wao hadi leo hauna maneno rasmi.

Rai yangu, kama raia mpya asiye na kaburi la mtu wake katika vita hivyo, ni kwamba Dublin ianze na wimbo, tena isisubiri muungano. Bendera imetajwa kwa rangi zake katika Kifungu cha 7 cha Katiba ya 1937, kwa hiyo haiguswi bila kura ya wananchi, na kura za maoni zimeonyesha kwamba wengi wa kusini hawataki kuiacha. Wimbo haumo katika Katiba. Wimbo wa Askari ungeweza kubaki kwa jeshi na kwa kumbukumbu za 1916, na nchi ikautafuta mwingine. Wapo wanaopendekeza lahani ya Londonderry Air, iliyonakiliwa Limavady, kaskazini, na kuchapishwa mwaka 1855. Timu ya Ayalandi Kaskazini huitumia katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, na Waayalandi wa kila dini walioko Marekani hulia wakiisikia ikiimbwa kama Danny Boy. Ingehitaji maneno mapya, na mtu wa kuishusha ile sauti ya juu ambayo uwanja mzima hauwezi kuifikia. Bendera ningeiacha mpaka watu wa kaskazini wenyewe waizungumzie wakiwa ndani, na wakitaka kuendelea kupandisha ya Uingereza majumbani mwao, Mkataba wa 1998 umekwisha kuwahakikishia haki ya kuwa Waingereza.

Rafiki zangu wa kusini hunijibu kwamba anayeshinda kura habadilishi bendera yake kwa ajili ya aliyeshindwa. Huwauliza watafanya nini ikiwa ushindi wenyewe utakuwa wa 51 kwa 49. Waayalandi waliwacheka majirani zao wa Uingereza mwaka 2016 kwa kupiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya kabla ya kukubaliana watakwenda wapi, na mimi nikiletewa karatasi ya kura ya muungano nitataka serikali iwe imeshachapisha, angalau wiki kadhaa kabla, wimbo utakaopigwa siku ya kwanza na utaratibu wa kuijadili bendera. Bila hayo sitajua ninachokubali, na wa Lurgan hatajua anachokataa.