Finjani mbili za saa 2 usiku, na ini lisilo na haraka

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Mtwara na Lindi, watu wawili wanakunywa finjani mbili mbili kutoka dele (birika la kahawa) moja, saa 2 usiku, huku bao linaendelea. Mmoja akifika nyumbani anakoroma. Mwenzake anahesabu kenchi za paa mpaka adhana ya alfajiri, moyo ukimdunda, na asubuhi ataambiwa ana presha, ana mawazo, au ametupiwa kitu. Mara nyingi hana lolote kati ya hayo. Kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, bado imo mwilini mwake, basi.

Karibu kafeini yote unayokunywa huvunjwa na ini, kwa kimeng'enya kiitwacho CYP1A2. Figo hutoa sehemu ndogo sana tu ambayo ini halijaivunja. Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya kafeini huondoka kwa takriban saa 5, lakini wapo wa saa 2 na wapo wa saa 10, na sehemu ya tofauti hiyo ni ya kuzaliwa nayo.

Tupige hesabu ya dele lenyewe. Kahawa ya robusta, kama inayolimwa Kagera, ina kafeini ya takriban asilimia 2 ya uzito wake. Arabika, kama ya Mbinga, ina karibu nusu ya hapo. Muuzaji akichemsha gramu 50 za robusta kwa lita moja ya maji, kafeini inayoweza kutoka ni kama miligramu 1,000. Finjani ya mililita 60 itabeba miligramu 60 hivi. Ukitaka kujua ya kijiweni kwako ina ujazo gani, hesabu finjani ngapi zinajaza chupa ya maji ya nusu lita: zikiwa 8, kila moja ni kama mililita 62.

Sasa finjani mbili za saa 2 usiku ni miligramu 120. Mwenye ini la saa 5 atakuwa na 60 saa 7 usiku, na 30 saa 12 asubuhi. Mwenye ini la saa 10 ataamka saa 12 asubuhi akiwa bado na 60, yaani finjani nzima ambayo hajainywa. Akitoka hapo anapitia kijiweni "kuchangamka", na jana inaongezwa juu ya leo.

Kasi ya ini siyo habari yote. Ubongo hukusanya adenosini kadiri unavyokaa macho, nayo ndiyo inayoleta usingizi. Kafeini hukalia vipokezi vyake, yaani mahali ambapo adenosini ingeshika, na ujumbe wa usingizi haufiki. Vipokezi vya wengine huguswa upesi zaidi, hata ini lao likiwa na kasi. Kwa hiyo mtu anayetetemeka kwa finjani moja dakika 30 baada ya kunywa ana tatizo tofauti na yule anayekuwa sawa jioni kisha akakosa usingizi saa 8 usiku. Wa kwanza apunguze kipimo. Wa pili arudishe muda nyuma: finjani ya mwisho saa 6 mchana, ajaribu hivyo wiki mbili bila kubadilisha kitu kingine.

Kinachostahili kuchunguzwa zaidi ni mabadiliko ya ghafla. Kahawa uliyoizoea miaka 10 imeanza kukusumbua mwezi huu. Kabla ya kulilaumu dele, jiulize umebadilisha nini.

Sigara ndiyo husahaulika kuliko vyote. Moshi wake (siyo nikotini) huongeza CYP1A2, kwa hiyo mvutaji huondoa kafeini karibu mara mbili ya kasi ya asiyevuta. Akiacha, ndani ya wiki hivi ini hurudi kwenye mwendo wake, na kahawa ileile inaanza kumkaa mwilini. Anakosa usingizi, anakuwa mkali, anadhani ni kiu ya sigara, anarudi kuvuta. Anayeacha sigara akate kahawa nusu siku hiyohiyo.

Kisha dawa. Siprofloksasini, ambayo wengi huinunua kwa ajili ya U.T.I., hukizuia kimeng'enya hichohicho. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hurefusha muda wa kafeini karibu mara mbili. Mimba huurefusha zaidi, hasa miezi 3 ya mwisho, na kichanga tumboni hana uwezo wa kuivunja. Miligramu 200 kwa siku ni mpaka mzuri kwa mjamzito. Mtu mzima mwingine mwenye afya hukadiriwa 400. Kumbuka kuhesabu pia kinywaji cha kuongeza nguvu (miligramu 80 kwa mililita 250) na vidonge vya maumivu vyenye kafeini, ambavyo baadhi vina 65 kila kimoja.

Na ini lenyewe? Kahawa hailiharibu. Tafiti nyingi zinaonyesha wanywaji wa kila siku hupata kovu la ini na saratani yake kwa uchache kuliko wasiokunywa, ingawa hiyo haiifanyi kahawa kuwa dawa. Lakini ini lililokwisha kuota makovu huondoa kafeini taratibu mno. Madaktari hata wameitumia kafeini kupimia uwezo wa ini. Kukosa usingizi peke yake si dalili ya ini bovu. Macho ya manjano, mkojo wa rangi ya kahawa, tumbo kujaa maji, kuwashwa mwili mzima: hayo ni ya hospitali, na uombe kipimo cha homa ya ini B.

Msimu wa mabibo kuna imani kwamba kahawa chungu hukata ulevi wa uraka, pombe ya mabibo. Haikati. Pombe huvunjwa kwa njia nyingine. Kafeini huficha usingizi tu, ukabaki mlevi uliye macho, na pombe nayo huchelewesha kafeini kutoka.

Usiache kwa mkupuo. Kichwa huanza kuuma kati ya saa 12 na 24 baada ya finjani ya mwisho, kikazidi siku ya pili, na kinaweza kudumu wiki. Punguza robo kila siku 3. Kwa ajili ya Ramadhani anza siku 12 kabla, na swaumu ya kwanza haitakuja na kipandauso. Jioni badilisha na mchaichai usiotiwa majani ya chai. Na muuzaji akikuapia kwamba yake ni "tangawizi tupu", mwambie amimine kwanza uone rangi.